Unataka kupeleka chakula pantri? Soma hii kwanza kabla hujamwaga kabati lako kwenye mfuko

Kila Jumamosi asubuhi nipo kwenye pantri moja ya kanisa (mahali pa kugawia chakula bure kwa wenye uhitaji) hapa Lexington, Kentucky, kazi yangu ni meza ya kupokelea mizigo, yaani wewe ukifika na buti limejaa mimi ndo nakuja na mkokoteni. Mwaka wa nne huu. Naandika kwa Kiswahili makusudi manake Waswahili wa hapa tumekuwa wengi, kuna Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi wa Kigoma tusiokosekana, na wengi tulipofika tulikuwa kwenye ule mstari wa kupokea. Sasa mtu ana kazi kwenye ghala, ana gari, anataka na yeye apeleke kitu. Vizuri sana. Tatizo ni kwamba tunatoa vile tunavyotoa nyumbani, sufuria la pilau kwa jirani, debe la mahindi kwa shangazi, af tunafika mlangoni tunaambiwa hili hatupokei na lile hatupokei, mtu anaondoka amenuna. Kwahiyo twende taratibu.

Kwanza tuelewane maneno, manake hapa watu wanachanganya. Benki ya chakula ni ghala kubwa, malori yanaingia na kutoka, halafu pantri ni kale kachumba ka kanisani au kwenye kituo cha jamii ambako mama anaenda kuchukua mfuko wake. Hapa kwetu inachanganya zaidi kwa sababu benki yenyewe inaitwa God's Pantry, ilianzishwa 1955 na mama mmoja anaitwa Mim Hunt akianzia nyumbani kwake tu, na leo inalisha kaunti 50 za kati na mashariki ya Kentucky kupitia pantri ndogo ndogo kama yetu. Jina ni pantri, kazi ni benki. Ukiwa na paleti zima la mchele nenda benki. Ukiwa na mifuko mitatu ya dukani Kroger njoo kwetu. Hujui pantri ya karibu yako iko wapi, piga 211 uwape zip code yako (namba ya posta ya mtaa wako), namba hiyo inafanya kazi sehemu nyingi za Marekani na wengi wao wana mkalimani ukiomba.

Hatua ya kwanza: uliza, usifike tu

Najua, kwetu mgeni hapigi simu kwamba nakuja na zawadi. Hapa piga. Uliza vitu vitatu: wiki hii mmeishiwa nini, mnapokea siku gani na saa ngapi, na je mna friza. Saa za kupokea mizigo sio saa za kugawa, hilo watu hawalijui kabisa. Sisi tunagawa kuanzia saa nne asubuhi lakini mzigo tunataka uwe umefika kabla ya saa tatu, ukija na maboksi wakati mstari umeshafika paking hamna mtu wa kukupokea, wote wako mezani.

Kuna kaka mmoja, Mungu ambariki hata hivyo, alitununulia kuku wa friza kumi na mbili. Kuku wazima, wa bei. Akaja Ijumaa jioni akakuta tumefunga, akawaacha mlangoni kwenye boksi akaenda zake kazini shifti ya usiku. Mwezi wa saba huo. Mimi nafungua Jumamosi asubuhi nasikia harufu kabla sijaona boksi. Kuku wote kumi na mbili wakaenda kwenye debe la taka, na nikaosha kile kizingiti na bleach mara mbili. Kanuni ya nyama na vitu vya friji ni hivi, visikae nje zaidi ya masaa mawili, na joto likipita nyuzi 90 za Fahrenheit basi ni lisaa limoja tu. Buti la gari wakati wa joto Kentucky linafika huko bila hata kujitahidi. Simu ya dakika moja ingewaokoa wale kuku.

Hatua ya pili: nunua kama unajinunulia wewe

Hapa ndo kwenye mzizi wa mambo. Watu wanafungua kabati, kile ambacho hawajakila tangu wahamie ndo kinaingia kwenye mfuko wa msaada. Kwahiyo pantri tunajaa makopo ya maboga, supu za uyoga, na cranberry, yale matunda mekundu ya huku. Hiyo cranberry nikueleze. Kuna mama wa Kongo, alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kama miezi miwili tu, alipewa kopo limechorwa kitu chekundu. Akaenda nyumbani akakaanga kitunguu, mafuta yakashika, akafungua kopo akamimina. Kilichotoka ni kitu kinatetemeka, kimebaki na umbo la kopo lilelile. Akakoroga tu akidhani kitayeyuka kiwe mchuzi, na kweli kikayeyuka, watoto wakala ugali na jamu ya moto. Wiki iliyofuata ananiambia kwa upole kabisa, "Dada, hii tomati yenu iko na sukari mingi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka, lakini ukiangalia vizuri ile ndo ilikuwa mboga yao ya siku hiyo.

Kipimo changu mimi ni kimoja: hiki kitu ungekipika wewe kwako wiki hii? Kama jibu ni hapana, acha.

Vinavyoisha haraka mezani kwetu ni mchele, maharage makavu, tuna na sadini za kopo, siagi ya karanga, mayai kama friji ipo na yako kwenye trei yake, maziwa yale ya boksi yasiyohitaji friji, na oti. Halafu kuna vile ambavyo hakuna anayekumbuka kuleta. Mafuta ya kupikia! Mtu anapewa makopo kumi ya maharage ya kijani, hana mafuta, hana chumvi, hana kitunguu. Chupa moja ya mafuta ya plastiki (sio ya kioo, kioo kikipasuka kwenye boksi kimeharibu boksi zima), pakiti ya chumvi, sukari, majani ya chai, binzari, hivyo vitu ni vidogo lakini ndo vinafanya chakula kiwe chakula.

Unga sasa. Wengi mnataka kuleta unga ili watu wetu wapike ugali, bukari, fufu, kila mtu na jina lake. Angalia pakiti vizuri jamani. Huku kusini unga mwingi wa mahindi dukani umeshatiwa chumvi na hamira ya unga kwa ajili ya mikate yao ya mahindi, utaona imeandikwa "self-rising" au "mix". Ukisongea huo unapata kitu kina chumvi na kimeumuka kama andazi lililokosea njia. Tafuta mweupe mtupu, nyuma kwenye viambato kuwe na mahindi tu, na vitamini basi. Nilishawahi kusonga huo wenye hamira kwa wageni, tusiliongelee.

Magunia makubwa uliza kwanza. Gunia la mchele la ratili 50 linaonekana ni msaada mkubwa, na ni mkubwa, ila pantri nyingi haziruhusiwi kufungua na kupima kwenye vimfuko bila sehemu maalum safi ya kufungashia, kwahiyo gunia linakaa kwenye kona. Pakiti za ratili 2 au 5 zinatoka siku hiyohiyo.

Na fikiria jikoni kwa anayepokea. Kuna watu wanaishi moteli, hawana jiko, wana maikrowevu tu au hata hiyo hawana. Makopo ya kuvuta kwa kidole ni bora kuliko ya kufungulia, na kama unaleta yale ya kufungulia basi weka na kifungulio kimoja kwenye mfuko, dola moja hivi. Nimeona mtu anafungua kopo kwa bisibisi. Kwa ndugu zetu Waislamu soma kibandiko, maharage ya kopo mengi hapa yamechanganywa na nyama ya nguruwe na herufi zake ni ndogo. Wazee wenye sukari na presha wanashukuru sana wakipata matunda ya kopo yaliyo kwenye juisi badala ya shira, na mboga za kopo zisizotiwa chumvi.

Vitu ambavyo kadi hainunui

Kadi ya SNAP, ile ya msaada wa chakula wa serikali, wengine bado mnaiita fudi stampu, inanunua chakula tu. Sabuni hainunui. Karatasi za chooni hainunui, pedi hainunui, dawa ya meno hainunui, pampasi hainunui, hata WIC, ule msaada wa chakula wa kina mama na watoto wadogo, nayo pampasi hamna. Kwahiyo mama anaweza kuwa na mchele ndani na hana kitu cha kumvalisha mtoto. Ukiniuliza mimi na dola zako 20 ulete nini, kwa pantri yetu ningesema pampasi saizi 5 na 6, watu wanaleta za vichanga kwa sababu ni nzuri nzuri na ndogo, lakini kichanga anakaa kwenye saizi hiyo wiki chache tu, hawa wakubwa ndo za kwao zinaisha. Pakiti iliyofunguliwa pia sisi tunapokea kama pampasi zenyewe ni safi, mtoto wako akivuka saizi usitupe.

Pedi lete bila aibu, za kawaida na za usiku. Vijana wa kiume wanaokuja kujitolea nao wameshazoea, wanapanga kwenye shelfu kama wanapanga siriali.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga ni habari nyingine kabisa. Hayo tarehe yake ni sheria, ikipita hayagawiwi, na kopo liwe halijafunguliwa wala kubonyea.

Hatua ya tatu: tarehe na makopo

Kaa chini na mzigo wako mezani dakika kumi. Kwa vyakula vingine tofauti na hayo maziwa ya watoto, tarehe iliyoandikwa mara nyingi ni mtengenezaji anasema mpaka hapa ladha iko juu, haina maana kesho yake kimegeuka sumu. Wizara ya kilimo ya Marekani wenyewe wanasema hivyo. Makopo ya vitu vyenye uchachu kama nyanya na nanasi yanabaki na ubora wake miezi 12 mpaka 18, ya nyama, samaki na maharage miaka 2 mpaka 5, kama yamekaa pakavu pasipo joto. Ila kila pantri ina msimamo wake, wengine wanakubali iliyopita miezi kadhaa, wengine ikipita siku moja hawagusi, ndo maana nikasema piga simu. Na adabu tu, usilete ya 2019. Tunayapata. Ya 2019 tunayapata!

Kopo lenyewe lishike, ligeuze. Limevimba, tupa, na usilifungue kuonja wala kunusa, kuna sumu inaitwa botulizimu haina utani. Limevuja, tupa. Limebonyea kwenye mshono wa juu au ule wa ubavuni, tupa. Limebonyea kidogo katikati tu, hilo halina neno. Kutu unayoweza kuifuta kwa kidole sawa, kutu iliyokula bati hapana. Kibandiko kikitoka hatuwezi kumpa mtu kwa sababu hatujui ndani kuna nini, mwenye aleji ya karanga atajuaje?

Tusivyopokea, na moja tunayopokea ambayo watu hawajui

Chakula kilichopikwa nyumbani, hapana. Najua inauma. Mama amepika pilau tangu alfajiri, nyama imeiva, karafuu inanukia mpaka barabarani, halafu namwambia mama samahani. Lakini pantri haijui jiko lako wala saa uliyopakua, na mtu akiumwa tumbo pantri ndo inafungwa. Ukitaka watu wale pilau lete mchele, na viungo vya pilau vya pakiti iliyofungwa kiwandani, watapika wenyewe kwa kadiri yao. Achari na jamu ulizotengeneza kwako nazo hapana. Dawa hapana, hata panado. Pombe sisemi. Viti vya watoto vya gari vilivyotumika hatupokei, hatujui kama kimeshapata ajali.

Tunachopokea ni mboga za bustani. Watu wetu wanalima sana hapa, kwenye vile viploti vya jamii utakuta lengalenga, matembele, nyanya chungu ambazo Warundi wanaziita intore, mahindi. Lete! Vuna asubuhi ileile unayoleta, kung'uta udongo, usioshe, maji yanaozesha majani kabla hata hayajagawiwa. Weka kwenye boksi lenye matundu usifunge kwenye nailoni. Na tafadhali andika jina lake kwenye karatasi, Kiswahili na Kiingereza, na neno moja la namna ya kupika. Msimu wa kwanza bibi mmoja alileta matembele boksi mbili, mzungu wetu mmoja wa kujitolea akadhani ni majani ya kufungashia tu, akayasogeza yote pembeni ya debe la taka akawa anatafuta viazi vilipo. Nilimkuta ameinamia boksi tupu anauliza viazi viko wapi. Sasa hivi yeye mwenyewe anayala, anayakaanga na vitunguu saumu.

Kufunga na kushusha

Maboksi ya ndizi ndo mazuri kuliko yote, yale yenye mashimo ya kushikia, omba dukani wanakupa bure. Usijaze mpaka ratili 30 zipite, wanaobeba hapa wengine ni wazee wa miaka sabini. Sabuni na chakula visikae boksi moja, mchele unanyonya harufu, utakula ubwabwa wa Tide. Andika ubavuni kilichomo. Ukifika tutapima kwenye mizani, usishangae, tunaandika ratili sio thamani.

Omba risiti kama unataka, ila kwa kodi inakusaidia tu kama unaorodhesha makato yako moja moja badala ya kuchukua lile kato la jumla, na wengi wetu tunachukua la jumla. Kama ni mtu wa kuorodhesha basi jua msaada wa dola 250 na kuendelea lazima uwe na barua ya waliopokea, na mafuta ya kwenda na kurudi unahesabu senti 14 kwa maili.

Na kuna wanaoogopa, je mtu akila akaumwa nitashitakiwa? Kuna sheria ya nchi nzima ya 1996, ina jina la mbunge Bill Emerson, inamlinda mtu anayetoa chakula kwa nia njema kwa shirika lisilo la faida. Isipokuwa kama ulijua kimeharibika ukatoa tu.

Lini, na je pesa?

Novemba na Desemba tunafurika, kila ofisi ina boksi, kila shule ina boksi, tunakosa pa kuweka. Januari kimya. Na mbaya zaidi ni Juni na Julai, watoto hawaendi shule kwahiyo ile brekifasti na lanchi ya bure ya shuleni haipo, nyumba yenye watoto wanne inaongezewa sahani nane kwa siku, na hapo ndo mashelfu yetu ni meupe. Kama unaleta mara moja kwa mwaka lete Juni. Jumamosi ya pili ya Mei wale wapeleka barua wa posta wanakusanya chakula nchi nzima, wamefanya hivyo tangu 1993, wewe unaacha mfuko karibu na sanduku lako la barua asubuhi basi, ni kwa ambaye hana muda kabisa. Ndugu Waislamu mnaotaka kuleta zakatul fitri, muulizeni sheikh wenu kwanza, manake ile ina watu wake na muda wake kabla ya swala ya Idi, na pantri hatuwezi kuahidi itamfikia nani na lini. Sadaka ya kawaida haina shida hiyo.

Pesa, ndiyo, na kusema ukweli inafika mbali kuliko makopo, kwa sababu pantri inachukua vitu benki ya chakula kwa bei ambayo wewe Walmart hutaipata. Najua watu wetu hawapendi, pesa haionekani, kopo linaonekana. Basi fanyeni nusu kwa nusu. Kikundi cha kina mama cha hapa wamefanya vizuri, ule mchango wao wa mwezi wametenga dola tano kila mtu, nusu wanatuma, nusu wananunua mafuta na pampasi wanaleta wenyewe.

La mwisho, na hili nalisema kwa sababu limetokea zaidi ya mara moja. Siku ya kuleta unaweza ukamkuta mtu unayemjua kwenye mstari, labda mlisali naye Jumapili, labda ni mtu uliyedhani mambo yake yako sawa kabisa. Usipaze sauti kuita Mama Fulani! kutoka upande wa pili wa paking. Akikusalimia msalimie, asipokuangalia na wewe hujamuona. Picha za kuweka status piga maboksi yako ukiwa kwako kabla hujatoka, hapa kwetu simu inakaa mfukoni. Ukimaliza kushusha nyuma ya mlango kuna rundo la maboksi matupu ya ndizi, chukua mawili matatu uondoke nayo, yanatubana nafasi.